Alphard ya 2004: ABS, VSC na taa nyekundu ya breki zimewaka pamoja, fundi anataka laki nane ya pampu. Nifanyeje wakuu?

#1 MkaziWaIlazo (mleta uzi)

Wakuu, mbukwenyi.

Nina Alphard ya 2004, injini 2AZ, inayovuta kwa magurudumu ya mbele. Naenda nayo kazini Mtumba kila siku (gari la mtumba kwenda Mtumba, utani huo nimeshausikia, tusirudie).

Wiki mbili nyuma ilikuwa inagonga "ka-ka-ka" nikikata kona kali. Fundi akasema joint ya nje ya shafti, akabadilisha, ikanyamaza. Jumamosi nikaenda msibani Kondoa. Lami ilikuwa safi, lakini kutoka barabara kuu mpaka kijijini ni vumbi, mawe na makorongo mawili ya mchanga. Wakati wa kurudi, nimeshaingia lami, taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) ikawaka. Hapohapo ikafuata ile ya kigari kinachoteleza, yaani VSC (mfumo wa kuzuia gari lisiteleze), na TRC OFF (ule wa kuzuia magurudumu yasizunguke bure). Nyekundu ya breki nayo ikawa inawaka nikishuka mteremko au nikikata kona, kisha inazima. Kufika Dodoma mjini ikawa haizimi tena. Dashibodi nzima kama banda la chipsi usiku.

Fundi wangu akafungua boneti, akajaza mafuta ya breki, nyekundu ikazima. Akachomoa betri usiku kucha ili "kompyuta isahau". Asubuhi za njano zikarudi vilevile. Hukumu yake: pampu ya ABS imekufa, iliyotumika kutoka Dar ni laki nane bila ufundi.

Breki zenyewe zinashika kama kawaida. Nitoe hiyo laki nane?

#2 ZabibuChungu

Kata waya wa taa mkuu, maisha yaendelee. Breki si zinashika?

#3 Dereva_Kondoa

#2 watu kama nyie ndio mnatuuzia magari.

#4 FundiMita

Mkuu mleta uzi, usitoe hata mia kwanza. Pampu za ABS zinakufa, sikatai, lakini gari nyingi zinazofika kwangu na hadithi hiyo hurudi nyumbani na pampu ileile iliyokuja nayo.

Hizo taa umezitia kapu moja, tuzitenganishe. Nyekundu ni ya breki yenyewe. Inawaka kwa sababu handbreki haijashuka vizuri, au mafuta yamepungua kwenye kikopo. Ikiwaka sambamba na ABS na mafuta yapo, basi kompyuta imeacha kazi ya kugawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma, na hapo gari lisitembee mpaka lipimwe. Njano ya ABS inasema hivi: breki zako za kawaida zipo, ila ukikanyaga kwa nguvu magurudumu yatajifunga kama ya pikapu za zamani. VSC inakula sahani moja na ABS. Inatumia sensa zilezile za magurudumu na pampu ileile, kisha inaongeza sensa ya usukani na sensa ya kuhisi gari linapozunguka. ABS ikigoma, VSC lazima igome, hata kama yenyewe ni nzima.

Sasa nyekundu yako ilikuwa inawaka kwenye mteremko na kona. Hayo ni mafuta yanayocheza kwenye kikopo, boya linashuka na kupanda. Fundi kajaza, taa imezima, kafurahi. Hajajiuliza yale ya mwanzo yalienda wapi! Mafuta ya breki si petroli, hayaunguzwi yakaisha. Ama yanavuja mahali, ama pedi zimelika mpaka pistoni zikatoka nje na mafuta yakashuka kujaza nafasi nyuma yake. Fungua magurudumu yote manne uangalie kabla hujalala.

Na swali moja: joint ya shafti walibadilisha upande gani?

#5 MkaziWaIlazo

Upande wa dereva.

#6 FundiMita

Naanza kupata harufu.

Kwenye Toyota za umri huo, joint ya nje ya shafti ya mbele imevikwa ringi yenye meno. Karibu yake kuna sensa, ambayo kwa ndani ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Meno yakipita mbele yake inazalisha umeme kidogo wa mawimbi. Kompyuta inahesabu mawimbi ya magurudumu manne na kulinganisha. Moja likinyamaza, kompyuta haijui kama gurudumu limejifunga au waya umekatika, kwa hiyo inazima ABS nzima na kukuwashia taa.

Mtu akibadilisha joint anaweza kuharibu mambo matatu. Anaweza kukufungia joint ya bei poa isiyo na ringi kabisa. Anaweza kukufungia yenye ringi lakini idadi ya meno si ya gari lako. Au anafungua waya wa sensa kwenye klipu zake ili apate nafasi, kisha anasahau kuurudisha. Ringi ingekosekana, taa ingewaka siku ileile ulipotoka gereji. Yako imevumilia wiki mbili mpaka makorongo. Mimi namshuku waya.

#7 MzeeWaMtera

Kijana, pole na msiba.

Wakati mafundi wanabishana, wewe bado unaendesha, kwa hiyo sikiliza. Bila ABS ukikanyaga breki hadi chini kwenye changarawe, magurudumu ya mbele yanajifunga na usukani hausikii tena. Achia kidogo, yapate kuzunguka, kanyaga tena. Sisi tumeendesha Peugeot 504 njia ya Mtera kwenda Iringa miaka mingi bila hivyo vitaa, na tulikuwa tunafika. Lakini tuliacha nafasi mbele yetu. Siku hizi mtu anamfuata mwenzake kama ng'ombe wanaokwenda kunywa maji, akitegemea kompyuta.

Halafu kitu ambacho vijana hawapendi kusikia: kwenye mchanga mlegevu na changarawe, gari lenye ABS mara nyingi huchukua nafasi ndefu zaidi kusimama kuliko lisilo nayo. Faida yake ni kwamba unaweza kukwepa huku unafunga breki. Kwa hiyo ikirudi usijione umepata breki za ndege.

Ukipita tena Kolo kwenda Bereko, ile milima shuka na gia ndogo. Usikalie pedeli ya breki mpaka mafuta yachemke.

#8 ZabibuChungu

Mafuta ya breki yanachemka kweli mzee au unatutisha?

#9 FundiMita

Mzee yuko sahihi. Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani. DOT 3 (daraja la mafuta ya breki, limeandikwa kwenye kopo) mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi 205. Ikishazeeka na kunywa maji, kiwango kinaporomoka hadi kama 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa imelowa. Yakichemka yanatoa povu la mvuke, pedeli inazama mpaka chini na gari haliko nawe. Kwa hiyo lile kopo lililokaa wazi nyuma ya duka la spea tangu mwaka juzi, mwachie mwenyewe.

#10 MamaWawili

Naomba kudandia uzi, samahani mleta mada. Mimi nina Serena C25. ABS na SLIP (taa ya kuteleza) zinawaka asubuhi tu nikiwasha. Nikifika Nzuguni nikazima, nikiwasha tena zimepotea. Fundi ameshabadilisha sensa mbili za mbele na hela imeishia hapo. Ni nini jamani?

#11 KijanaWaKizota

Dada, kabla ya sensa ya tatu pima betri. Asubuhi betri imepoa, stata inavuta, umeme unaporomoka, kompyuta ya ABS inaona umeme hautoshi na kujitoa kazini. Weka mita kwenye vichwa vya betri: gari likinguruma iwe kati ya volti 13.5 na 14.5. Wakati unapiga stata isishuke chini ya 10 hivi. Na angalia vichwa vyenyewe, kama vina ule unga mweupe wa kijani.

#12 MamaWawili

Unga upo! Nilidhani ni vumbi la Dodoma.

#13 MkaziWaIlazo

Wakuu nimenunua kile kifaa kidogo cha blutuuthi cha kuchomeka chini ya usukani. Nimepakua programu kwenye simu. Inasema "hakuna hitilafu yoyote". Taa tatu zinaniangalia usoni na simu inasema hakuna hitilafu!

#14 FundiMita

Hicho kwa kawaida kinaongea na kompyuta ya injini tu. ABS ina kompyuta yake, na programu nyingi za bure haziifikii. Halafu magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani miaka hiyo, soketi ni ileile yenye matundu 16 lakini lugha si lazima iwe ile kifaa chako kinaijua. Usikitupe, kitakufaa siku cheki injini ikiwaka.

Kwa Toyota yako kuna njia ya waya. Soketi ile ina matundu kwa safu mbili: juu 1 mpaka 8, chini 9 mpaka 16. Switchi ikiwa imezimwa, unganisha namba 4 na namba 13 kwa kipande cha waya mwembamba au pini ya karatasi iliyonyooshwa. Hesabu mara tatu kabla hujachomeka. Namba 16 ni umeme wa moja kwa moja wa betri, ukiigusisha na 4 utanuka moshi. Kisha fungua switchi bila kuwasha injini.

Taa nyingi zitaanza kukonyeza kwa pamoja, usipaniki. Iangalie moja tu, ya ABS. Ikikonyeza harakaharaka bila kupumzika, haina kosa lililohifadhiwa. Ikikonyeza mara tatu, ikapumzika kidogo, ikakonyeza mara moja, hiyo ni 31. Ukimaliza na ABS, rudia kwa taa ya VSC. Rekodi video ya simu, macho yanadanganya.

#15 Dereva_Kondoa

Natia kambi hapa. Hii ya pini sijawahi kuiona.

#16 MkaziWaIlazo

Nimefanya jioni hii, mke wangu anashika tochi. Video nimeirudia mara sita. Taa ya ABS: 31 peke yake. Taa ya VSC: 36, kisha 43.

Nimempigia fundi wangu. Akasema 31 ni sensa ya usukani, kaiona mtandaoni, na hiyo nayo anayo kwa laki mbili na nusu.

#17 FundiMita

Mzuie hapohapo. 31 ya taa ya ABS si 31 ya taa ya VSC. Ikisomwa kwenye VSC ndiyo sensa ya usukani. Ikisomwa kwenye ABS ni sensa ya gurudumu la mbele kulia. 32 ni mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Watu wameuziwa sensa za usukani nzima kwa kosa hili.

43 kwenye VSC maana yake "jamani ABS ina shida, mimi nimejitoa". Ni mfuasi, itaondoka na mkubwa wake. 36 tutaizungumza baadaye, nadhani najua nani kaileta.

Kwa hiyo: jeki, ondoa tairi la mbele kulia, fuata waya wa sensa kuanzia gurudumuni hadi unapoingia ndani ya bodi.

#18 MkaziWaIlazo

Mrejesho wa kwanza, na mnisamehe hasira.

Nimepeleka kwa fundi mwingine, si yule wa pampu. Kafungua tairi, kapima sensa, kasema nzima kabisa, waya safi, klipu zote zipo. Akapendekeza tubadilishe kompyuta. Nimekaa kwenye ndoo nikimwangalia, ndipo nikagundua kafungua tairi la kushoto. Alisimama mbele ya boneti akiliangalia gari usoni, akahesabu kulia kwa mkono wake yeye.

#19 ZabibuChungu

😂😂😂 Nimecheka mpaka bosi kaniuliza.

#20 MzeeWaMtera

Kulia kwa gari ni kulia kwa aliyekaa kwenye kiti. Kwa sisi huku ni upande wa dereva. Andikeni ukutani gereji.

#21 MkaziWaIlazo

Tukahamia upande wa dereva. Hata kabla tairi halijawekwa chini tumeuona. Waya wa sensa unaning'inia. Kuna kibati kinachoushikilia kwenye shokapu, kinafungwa kwa bolti ya 10. Bolti haipo. Waya umekuwa ukisuguana na shafti kila nikikata kona, mpira umelika, waya mmoja kati ya miwili umekatika kabisa na mwingine umebaki nyuzi tatu hivi. Upande wa kushoto mita ilisoma kilo-ohm 1.5, huu wa kulia haikusoma chochote.

Bolti moja ya 10 wakuu. Na laki nane zilikuwa zimeshaanza kutafutwa.

Swali: niunge au ninunue sensa nyingine?

#22 KijanaWaKizota

Unga. Sensa yenyewe haina kosa. Vua mpira, suka nyuzi, tia risasi kwa pasi, visha ule mpira unaosinyaa kwa moto. Elfu kumi na tano imeisha.

#23 FundiMita

Hapa sikubaliani na mdogo wangu. Pale kwenye shokapu waya unapinda kila tuta na kila kona. Kiungo cha risasi ni kigumu, hakipendi kupindwa, kitakatika pembeni yake baada ya miezi. Na hizo nyaya mbili zinabeba umeme mdogo sana, zimesokotwa makusudi ili zisiokote kelele za umeme wa pembeni. Ukiunga ovyo utapata taa inayowaka siku inayotaka yenyewe, na hiyo ni mbaya kuliko taa inayowaka muda wote.

#24 KijanaWaKizota

Kaka mimi nimeunga Noah za abiria mbili, mwaka wa pili huu zinatembea. Siri ni kusogeza kiungo. Kata waya, rudi nyuma mpaka sehemu isiyopinda ndani ya fenda, unga pale, na viungo viwili visikae sambamba. Si kila mtu ana hela ya sensa.

#25 FundiMita

Ukisogeza kiungo ndani ya fenda sina ugomvi nawe. Wengi hawasogezi, wanazungusha nailoni tepu na kusema nenda.

#26 MkaziWaIlazo

Nimeunga kwa mtindo wa Kizota, kwa muda. Nimeagiza sensa iliyotumika kutoka Gerezani, Dar, inakuja kwa basi. Kabla ya kufunga tairi, fundi kachomeka mita upande wa umeme wa mawimbi, kazungusha gurudumu kwa mkono, namba zikapanda na kushuka. Nimefurahi kama mtoto.

Bolti tumeitoa kwenye kopo lake la bolti kuukuu, kakataa hela.

Kosa la ABS tumelifuta kwa ile pini: tundu 4 na 13, switchi imefunguliwa, kukanyaga pedeli ya breki mara nane ndani ya sekunde tano. Mara ya kwanza nilichelewa, ya pili ikakubali. Tumetembea, ule mkoromo mfupi wa pampu nimeusikia wakati gari linaanza kusogea, ABS imezima. Kumbe pampu iliyo "kufa" ndiyo iliyokoroma.

VSC bado inawaka. Nikisoma, 43 imepotea, imebaki 36.

#27 FundiMita

Nilitegemea. 36 ni sensa ya kuhisi mzunguko wa gari, ile iliyolala sakafuni katikati ya viti vya mbele. Haijafa, imesahau sifuri yake. Sensa hii lazima ifundishwe: "hapa gari limesimama, tambarare, haligeuki". Kwenye baadhi ya Toyota za miaka hiyo ukichomoa betri kumbukumbu hiyo inapotea. Na nani alichomoa betri usiku kucha ili kompyuta isahau? Kompyuta imemtii.

Tafuta mwenye mashine inayoingia kwenye ABS ya Toyota, ni kazi ya dakika tano. Sharti moja tu: sehemu iwe tambarare kweli, gia kwenye P, asiingie mtu, asitoke mtu, mlango usifungwe kwa kishindo.

#28 MkaziWaIlazo

Tambarare imetusumbua kuliko mashine. Gereji yenyewe iko kwenye mteremko, chupa ya maji ukiilaza inabingirika yenyewe. Tumezunguka mpaka tukapata eneo la kuegesha magari lenye zege. Watu wanatuangalia sisi watu wazima watatu tumekaa ndani ya gari lililozimwa, vioo juu, hakuna anayehema. Mtoto akagonga kioo kuuza karanga. Tukarudia.

Imezima. Dashibodi yangu ni nyeusi tii, wakuu.

#29 Dereva_Kondoa

Hongera mkuu! Jumla ilikuwa shilingi ngapi?

#30 MkaziWaIlazo

Kuunga na kufungua tairi, elfu ishirini na tano. Mashine, elfu thelathini. Karanga, mia tano.

#31 FundiMita

Na pedi umeangalia? Kwenye posti ya 4 nilisema fungua magurudumu manne. Umenijibu kuhusu moja.

#32 MkaziWaIlazo

...

Kesho asubuhi.

#33 MwenyeEstima

Nami VSC na TRC zimewaka kwenye Estima ya 2003, ila ABS haijawaka. Cheki injini nayo inawaka. Nianze na magurudumu?

#34 KijanaWaKizota

Hapana, wewe anza na injini. Kwenye Toyota nyingi cheki injini ikiwaka, VSC inajizima yenyewe, kwa sababu inategemea injini ipunguze nguvu pale gari linapoteleza. Kama haiamini injini haiwezi kufanya kazi. Koili ya plagi, sensa ya oksijeni, chochote. Tibu cheki injini, za VSC zitaondoka bila kuguswa. Kile kifaa cha blutuuthi ambacho mleta uzi alikuwa anakitukana, wewe ndiye kinakufaa.

#35 MkaziWaIlazo

Mrejesho wa pedi. FundiMita, nakupa shikamoo hata kama una miaka ishirini.

Pedi za mbele zimebaki milimita mbili upande wa ndani. Upande wa nje ukichungulia kwenye rimu zinaonekana nzima, ndiyo maana hakuna aliyeona. Hakuna mvujo popote. Nimenunua seti mpya, pini za kalipa zimesafishwa na kupakwa grisi yake maana moja ilikuwa imekwama.

Halafu yale mafuta aliyojaza fundi wa kwanza. Tuliporudisha pistoni ndani ili pedi mpya ziingie, mafuta yote yakarudi kwenye kikopo, kikajaa, kikamwaga. Yametiririka mpaka kwenye rangi ya fenda. Tumekimbia na maji lakini kuna sehemu kama kiganja imeshaanza kuvimba. Kwa hiyo laki nane ameikosa, lakini fenda kaniachia kumbukumbu.

#36 MzeeWaMtera

Yakimwagika unamwagia maji mengi, usifute kwa kitambaa kikavu. Na pedi mpya usikimbie nazo mlimani siku ya kwanza. Funga breki taratibu mara kadhaa kwenye barabara tupu, pedi zikae na diski.

#37 MamaWawili

Mrejesho wangu mfupi. Vichwa vya betri nimemwagia maji ya moto, nikasugua kwa brashi, fundi akavikaza. Siku ya tano leo asubuhi hakuna ABS wala SLIP. Ninazo sensa mbili za zamani za mbele, nzima kabisa, anayezihitaji aseme.

#38 ZabibuChungu

Wakuu, nimewacheka sana humu, sasa zamu yangu. Nina Noah ya zamani, SR50, nilinunua kwa mtu mwaka jana. Mimi taa ya ABS haijawahi kunisumbua. Nikifungua switchi inawaka, nikiwasha injini inazima. Lakini jana kwenye mchanga wa Hombolo nimekanyaga, gurudumu limejifunga kabisa, gari limeteleza kama sahani. ABS si ingepiga ile "tr-tr-tr" mguuni?

#39 FundiMita

Fanya hivi. Fungua switchi, usiwashe injini. Kaa unahesabu. Taa ya ABS ikiwa nzima inatakiwa izime yenyewe baada ya kama sekunde tatu, injini ikiwa bado haijanguruma. Taa ya oili na ya betri ndizo zinazobaki zinawaka mpaka uwashe.

#40 ZabibuChungu

Nimehesabu mpaka sitini. Haizimi. Inazima pamoja na ya oili nikiwasha.

#41 KijanaWaKizota

Pamoja kabisa? Kwa wakati uleule?

#42 ZabibuChungu

Kama mapacha.

#43 FundiMita

Fungua dashibodi, mkuu. Angalia nyuma ya balbu ya ABS na ya oili.

#44 ZabibuChungu

Nimefungua. Kuna kipande cha waya mwekundu kimeunganisha hizo balbu mbili. Waya wa ABS wenyewe umekatwa na kufungwa tepu. Aliyeniuzia alinionyesha kwa kidole: "Ona, taa zote zinazima, gari safi."

#45 Dereva_Kondoa

Soma posti yako ya #2.

#46 ZabibuChungu

Nimeisoma. Naomba namba za ile pini, 4 na ngapi?